Gari la kambi linapolalamika: dalili na sababu zake kwa wanaotoka Lubumbashi kwenda porini

Ukitoka Lubumbashi kwa njia ya Likasi, kilomita 120 hivi za kwanza ni lami, na kwenye lami karibu kila gari linaonekana zima. Ukishaiacha lami, ukashika njia ya Mitwaba kuelekea maporomoko ya Kiubo, au ukaupanda uwanda wa Kundelungu kutafuta maporomoko ya Lofoi, ndipo gari linapoanza kusema. Friji inazima usiku. Usukani unatetemeka. Moshi unabadilika rangi.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema: Land Cruiser au Hilux iliyotunzwa ni nadra kuangushwa na njia peke yake. Inaangushwa na tulivyoiongezea sisi wenyewe mjini: waya wa friji, keria ya juu, droo za mbao, tanki la maji, hema la juu ya paa, bido (madumu) nne za mazutu (dizeli). Kwa hiyo kabla hujafungua injini uliza maswali mawili. Kitu gani kilifungwa mwisho kwenye gari hili? Na tatizo linatokea lini: gari likiwa limesimama au linakwenda, limebeba au tupu, asubuhi au baada ya saa tatu za vumbi? Majibu ya hayo mawili yanafuta nusu ya dhana.

Vifaa vya kupimia si vingi. Kipima volti cha bei ndogo, kipima upepo wa tairi, tochi ya kichwani, na turubai la kulalia chini ya gari. Asiye na kipima volti anabahatisha, na porini kubahatisha kunakula mazutu.

Friji inazima saa nane usiku, na batri ni mpya

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila mtu, na karibu kila mtu anaenda kununua batri kubwa zaidi. Ngoja kwanza.

Pima volti kwenye vichwa vya batri, kisha pima kwenye plagi ya friji wakati mota ya friji inafanya kazi. Si ikiwa imepumzika, la, wakati inanguruma. Ukikuta 12.5 mbele na 11.7 nyuma, batri haina kosa. Volti zimepotea njiani.

Hesabu yake ni hii. Friji ya kambi inavuta kama ampea 4 hadi 5 inapofanya kazi. Kutoka batri ya mbele hadi nyuma ya gari, kwenda na kurudi, waya ni kama mita 12. Waya ya milimita mraba 1.5, ile ambayo fundi anakufungia kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye boksi lake, inapoteza kama volti 0.7 kwa ampea 5. Waya ya milimita mraba 6 inapoteza chini ya 0.2. Friji nyingi zina ulinzi unaozikata volti zikishuka, ili zisimalize batri. Friji yako haijui kwamba batri iko salama, inaona 11.7 kwenye plagi yake na inajizima kwa adabu.

Dawa: waya nene kutoka batri moja kwa moja hadi nyuma, ya chanya na ya hasi zote mbili, na fyuzi karibu kabisa na batri, si nyuma kwenye friji. Fyuzi inalinda waya. Ikiwa nyuma, waya ikichunika kwenye chasi hakuna kitu kitakachoukata moto. Plagi ile ya kuwashia sigara iache kwa simu. Kwa makunyanzi ya barabara inajilegeza yenyewe, na ukiigusa ikiwa ya moto umeshapata jibu.

Wengine wanarudisha hasi kwenye bodi ya gari ili kuokoa mita sita za waya. Inafanya kazi mpaka kutu iingie chini ya bolti. Ukikuta volti zinacheza unapoutikisa mwili wa gari, kwangua rangi mahali pale, kaza, paka grisi.

Waya ikiwa nzuri na bado friji inazima alfajiri, basi sasa ni zamu ya batri. Ipumzishe saa kadhaa bila mzigo, kisha pima: 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 unaiua. Batri ya kawaida ya ampea-saa 75 usiihesabu kuwa 75, hesabu nusu. Friji kwenye joto la Oktoba, kabla ya mvua, inafanya kazi muda mrefu zaidi kuliko Juni ambapo usiku wa nyanda za juu unafanya nusu ya kazi bure. Anayejaza bia za moto jioni akategemea zitapoa kwa batri peke yake ajue anachokifanya. Poza vyote nyumbani kwa umeme wa ukuta, ukiwepo.

Batri moja inakufa kila baada ya miezi michache, nyingine nzima

Hii ni ya kwetu hasa, kwa sababu Katanga imejaa magari ya usukani wa kulia yaliyotumika Japani kwanza. Fungua boneti. Ukiona batri mbili, usidhani moja ni ya akiba. Land Cruiser nyingi za dizeli za familia ya 70 zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina umeme wa volti 24: batri mbili za 12 zimefungwa mfululizo. Gari likiwaka, pima toka chanya ya mwisho hadi hasi ya mwisho. Ukisoma 27 au 28, ni hilo. Ukisoma 14, batri zako ziko sambamba na sehemu hii haikuhusu.

Sasa friji, redio na taa za kambi ni za volti 12. Fundi mwenye haraka anachukua 12 kutoka batri moja kati ya mbili. Vitu vinawaka, mteja anafurahi, analipa. Lakini batri ile inatoa kila siku na mwenzake hatoi, na alternata inazijaza kana kwamba ziko sawa. Moja inabaki na njaa, nyingine inajazwa kupita kiasi mpaka inachemka maji. Kubadilisha batri hakuponyi. Kinachoponya ni kigeuzi cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha, kinachovuta kutoka batri zote mbili. Usikubali kitu kingine hata ukiambiwa "kwa kila mtu tunafanya hivi".

Mlima unapoanza, gari linakosa nguvu

Usiguse kitu. Mwambie mwenzako asimame nyuma aangalie bomba la moshi wewe ukikanyaga. Kwa injini ya dizeli isiyo na kompyuta, kama ile 1HZ ya lita 4.2 iliyo kwenye Land Cruiser nyingi zinazozunguka huku, rangi ya moshi inasema zaidi ya mafundi watatu.

Moshi mweusi na nguvu hafifu: mazutu yapo, hewa haitoshi. Fungua chujio la hewa. Msimu wa kiangazi, ukiwa umefuata lori la madini kwa saa nzima, utalikuta jekundu. Ligongegonge kwenye kiganja, lipulizie kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, kamwe si kutoka nje. Kisha tazama ndani ya bomba baada ya chujio, pitisha kidole. Kidole kikitoka na vumbi, chujio halizibi vizuri mahali pake, na hapo unasaga pistoni zako na mchanga. Hilo ni la kusimamisha safari, si la kusubiri kurudi. Bomba la hewa la juu lililofungwa mtaani linastahili kuangaliwa kila kiungo chake, maana wengi wanalifunga kwa urembo na kuacha mwanya chini ya bawa.

Hakuna moshi, gari linasita, linapata nguvu kidogo, linasita tena: mazutu hayafiki. Fungua kwanza kifuniko cha tanki. Kikivuta hewa kwa mlio na gari likapata nguvu, pumzi ya tanki imezibwa na tope. Safisha kijibomba chake, endelea. Kama si hiyo, fungua kizibo kilicho chini ya chujio la mazutu, mimina kidogo kwenye chupa ya plastiki iliyo wazi, iache dakika kadhaa. Maji yatakaa chini, mazutu juu, na mstari kati yao utauona kwa macho. Hii ndiyo bei ya mazutu ya Kadhafi, wale wauza mafuta wa kando ya njia. Siwalaumu, mbele ya Likasi wakati mwingine ni wao au kulala porini. Lakini chuja kwa kitambaa kizito, mimina taratibu, na acha kikombe cha mwisho cha bido ndani ya bido. Beba machujio mawili ya mazutu ya akiba na ujue namna ya kuipumulisha pampu ya mkono kutoa hewa baada ya kubadilisha.

Moshi mweupe unaouma macho asubuhi kisha ukapotea injini ikipata joto: plagi za kupashia moto. Juu ya uwanda usiku wa Juni na Julai ni baridi kweli, na plagi zilizokufa mbili hutazigundua mjini.

Joto linapanda ukienda polepole, linashuka ukikimbia

Mvua zikiisha, kuanzia Aprili hivi, nyasi za miombo zinapita boneti, na mbegu zake zinaingia kwenye rejeta mpaka hewa haipiti. Ukitazama kwa mbele huoni kitu, kwa sababu zimelala kati ya rejeta na kipozeo cha hewa baridi. Piga tochi kutoka upande wa feni: pasipopitisha mwanga ndipo palipoziba. Puliza au suuza kutoka ndani kwenda nje. Wavu wa mbu mbele ya grili unasaidia sana, mradi uukung'ute kila unaposimama.

Rejeta safi na bado inachemka? Injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kwa urahisi kabisa, klachi ya feni imekufa.

Na wakati uko chini hapo, angalia kitu kikubwa kuliko joto la maji. Nyasi kavu hujisokota juu ya bomba la moshi na kwenye shafti, na zinawaka. Harufu ya moshi wa nyasi ndani ya gari si ya wachoma makala (mkaa) jirani mpaka uhakikishe. Simama mahali peupe pasipo nyasi, zima, lala kwenye turubai, zing'oe kwa ndoano ya waya. Kizimamoto kikae mahali dereva anapokifikia akiwa ameketi. Kuna magari yaliyobaki vyuma vyeusi kandokando ya njia hizi, na kizimamoto chao kilikuwa chini ya magodoro.

Usukani unatetemeka kuanzia kilomita 60 kwa saa

Anza na maji na brashi. Tope la laterite (udongo mwekundu) likikauka ndani ya rimu, upande usioonekana, linavuruga uwiano wa tairi zima. Watu wamebadilisha beringi kwa sababu ya konzi moja ya tope.

Rimu safi na bado unatetemeka, nyanyua gurudumu la mbele kwa jeki, weka kigogo chini ya ekseli kwa usalama. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki wewe ukitikisa tena: mchezo ukipotea ni beringi za gurudumu, ukibaki ni beringi za nakali, zile mbili zinazobeba kona ya ekseli. Kisha shika kushoto na kulia. Mchezo hapo ni vichwa vya fimbo za usukani. Mwisho, mtu azungushe usukani kulia kushoto gari likiwa chini, wewe ukitazama fimbo ndefu inayofunga ekseli na chasi: bushi zake zikifa, ekseli nzima inahama kabla tairi halijakata.

Utaambiwa nunua shokomzoba ya usukani. Ile inaficha ugonjwa. Ifunge baada ya kutengeneza, si badala yake.

Kama mtetemo ni kwenye makunyanzi tu na si kwenye njia laini, usitafute ugonjwa: punguza upepo. Gari lililobeba kambi, tairi za inchi 16, kwenye lami naanzia bar 2.4 mbele na 3.2 nyuma. Kwenye laterite nashusha hadi 1.8 na 2.4. Mchanga laini au tope, 1.4 na pole pole. Ukirudi lamini jaza tena, la sivyo tairi litapata moto ubavuni na utamtajirisha kwado (fundi wa tairi) wa kwanza utakayemkuta. Kompresa ndogo inayofungwa kwenye batri ina faida kuliko winchi kwa wengi wetu, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya winchi.

Nyuma imekaa chini, taa zinamulika miti

Gari limebeba kupita kiasi, na hakuna haja ya kuzunguka. Lita 60 za maji ni kilo 60. Bido nne za lita 20 za mazutu ni karibu kilo 70 bila chombo. Hema la juu mara nyingi linazidi kilo 50. Droo za mbao nzito zinapita kilo 80 kabla hujaweka hata sufuria ya bukari (ugali). Jumlisha na watu wanne, kisha soma kibati cha uzito kwenye mlango.

Dalili zinafuatana: usukani mwepesi, breki ndefu, gari linalala kwenye kona, halafu asubuhi moja upande mmoja uko chini kuliko mwingine. Tazama springi: jani lililovunjika linaonyesha ufa mpya unaong'aa. Kama gari linakwenda kiubavu, bolti ya kati ya springi imekatika na ekseli imerudi nyuma upande mmoja. Springi mpya zikifungwa, bolti zake kubwa zikazwe tena baada ya kilomita mia chache. Garaji nyingi hazikukumbushi.

Kilicho juu ya paa kiwe chepesi: magodoro, nguo, viti. Mazutu na maji yakae chini, mbele ya ekseli ya nyuma.

Nimeweka 4x4, magurudumu ya mbele hayavuti

Hapa ni dakika moja. Shuka, tazama katikati ya magurudumu ya mbele: swichi za habu ziko kwenye LOCK? Zote mbili? Mara nyingi ni moja tu, kwa sababu upande wa pili ulikuwa na dimbwi. Ukikaribia tope jeusi la bonde la mto Lufira, zifunge kabla ya kuingia, ukiwa bado na viatu safi.

Kinyume chake: gia ya 4H haitoki. Umeendesha 4x4 kwenye lami kavu na shafti zimejikaza. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, itatoka. Usiipige teke.

Vumbi jekundu limefika hadi kwenye unga

Mipira ya mlango wa nyuma huenda ni mizima. Gari linapokwenda, hewa nyuma yake inanyonya, na kila tundu la nyuma linavuta vumbi ndani. Ukifungua dirisha la nyuma unazidisha. Funga madirisha yote, washa feni ya ndani ikivuta hewa ya nje kutoka mbele, ili hewa itoke nyuma badala ya kuingia. Kisha tafuta matundu: taa za nyuma, tundu la waya mpya ya friji uliyoitoboa wewe, vizibo vya sakafu vilivyopotea. Usiku mtu aingie ndani na tochi, wewe uzunguke nje. Palipo na mwanga pana vumbi.

Baada ya kuvuka mto, oili ya difu imekuwa maziwa

Difu, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli, ikitoka kwenye mwendo ni ya moto. Ukiizamisha ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta, na kama kijibomba cha kupumulia kimezibwa na tope, itavuta maji kupitia sili. Kwa hiyo simama ukingoni, zima, uende kwa miguu upime kina na mkondo kwa fimbo, ambalo ungelifanya hata hivyo, na difu itapoa wakati huohuo. Maji yakipita kitovu cha gurudumu, legeza kizibo cha chini cha difu jioni ile kambini: maji ni mazito kuliko oili, yatatoka ya kwanza. Matone machache, funga uendelee. Rangi ya chai ya maziwa, badilisha oili yote kabla ya kwenda mbali. Lita sita za akiba zinatosha ekseli zote mbili za magari mengi ya ukubwa huu, lakini soma kitabu cha gari lako.

Vijibomba hivyo virefushwe kwa mpira hadi ndani ya boneti. Ni kazi ya saa moja, na mpira wenyewe ni wa bei ya chupa chache za soda. Baada ya maji kanyaga breki mara kadhaa ukienda polepole mpaka zishike. Kama breki za nyuma ni za dramu, zinachelewa kukauka, na mteremko unaofuata hautazisubiri.